Vivimbe vimejaa tumboni? Subiri majibu ya kinyama kwanza

Ripoti yangu ya CT skani ilisema kuna vivimbe vilivyotapakaa tumboni, vingine vimeshika utumbo, na kwamba vinafanana na saratani ya ovari iliyosambaa. Dada uliyepewa karatasi ya namna hiyo, usianze kuandika wosia. Picha huonyesha vivimbe viko wapi na vina ukubwa gani. Ni vya aina gani, hilo husemwa na kinyama kilichokatwa na kupimwa maabara.

Changu kilipopimwa, majibu yakaja: leiomayomatosisi ya peritoneo. Ni seli za misuli laini, zilezile zinazotengeneza fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), ila zimeota nje ya kizazi, kwenye utando unaofunika viungo vya tumbo. Si saratani. Ni ugonjwa adimu kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu bila kukutana nao, kwa hiyo usimkasirikie anayekisia vibaya. Muombe tu asikufanyie upasuaji mkubwa kwa kukisia.

Ripoti ya patholojia, yaani majibu ya kinyama, isome mwenyewe. Tafuta mambo matatu: kama seli zina maumbo yasiyo ya kawaida, kama zinagawanyika kwa kasi, na kama kuna sehemu zilizokufa. Ukikuta yote matatu hayapo, pumua. Ulizia pia vipokezi vya estrojeni na projesteroni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni hizo za kike, maana vivimbe hivi mara nyingi hulishwa na homoni.

Kisha tafuta faili la upasuaji wako wa zamani. Kama uliwahi kutolewa fibroidi kwa matundu madogo, huenda ilitumika mashine ya kuzikatakata ili zipite tunduni. Vipande vikidondoka humo ndani, vinaweza kujishikiza penye damu na kuota upya. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mashine hizo, hasa kwa hofu ya kusambaza saratani iliyojificha. Siku hizi hushauri ukataji ufanyike ndani ya mfuko maalumu. Daktari mpya hawezi kuyajua haya usipomwambia.

Matibabu hayafanani kwa wote. Unayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, zungumza na daktari kuhusu njia isiyo na homoni, kwa sababu kuacha vidonge hivyo kunaweza kufanya vivimbe vinywee. Vingine hunywea baada ya kujifungua au hedhi ikikoma. Zipo dawa za kushusha estrojeni, na upo upasuaji, hasa kama utumbo umebanwa. Kuondoa ovari ni uamuzi mzito. Ukishinikizwa, tafuta daktari wa pili, na kama bado unataka mtoto, liseme hilo mapema kabisa.

Mimi nafuatiliwa tu. Kila nikienda kupiga picha nabeba na ile ya nyuma, ili kivimbe kilekile kilinganishwe. Kugeuka saratani hutokea kwa nadra sana, lakini kimoja kikianza kukua haraka, au kikikua wakati hedhi imeshakoma, omba kinyama kipimwe upya.