Mechi ya kirafiki na jirani: nani bado anaikeshea?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kibanda umiza hapa Korogwe, mabenchi kumi na mawili na runinga moja kubwa. Siku ya Simba na Yanga natoza shilingi 1,000 na watu wanasimama mpaka mlangoni. Juzi Taifa Stars walikuwa na mechi ya kirafiki na majirani zetu, nikatoza 500, wakaja watu tisa. Wawili kati yao wakaniomba niwawekee marudio ya ligi ya Uingereza. Hivi hizi mechi za kirafiki na jirani zina maana gani tena kwa shabiki? Au watu wameshamzoea jirani?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Watu tisa kwenye mabenchi kumi na mawili, na umeme umewasha wewe, inauma. Lakini kwamba watu wamemzoea jirani, hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Mimi ni mtu wa Tanga na dada yangu ameolewa Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka. Huku kwetu Wadigo wako pande zote mbili, kwa hiyo Kenya na Tanzania zikicheza ni mechi ya ukoo. Usiku wa tarehe 27 Juni 2019 nilikuwa Horohoro, kwenye banda la makuti, na shemeji yangu alivuka jioni akaja tukae pamoja. Ilikuwa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Cairo, na kwa saa zetu mpira ulianza saa tano usiku. Hakuna aliyesinzia. Msuva wetu alifunga dakika ya 6, shemeji akaiweka glasi yake ya chai chini, kimya. Olunga wa Kenya akasawazisha dakika ya 39. Wakenya walikuwa bado wamesimama wanashangilia pale Samatta alipofunga la pili, dakika ya 40, na sisi tukasimama juu yao. Kwa muda kidogo banda zima lilikuwa wima, na hakuna aliyejua nani anashangilia nini. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha dakika ya 62, na dakika ya 80 Olunga tena. 3-2. Shemeji hakunizomea. Alinishika mkono, akauminya, akavuka kurudi kwao. Mpaka kesho akinipigia simu haanzi na salamu. Anaanza na "dakika ya themanini."

Timu zote mbili zilitoka hatua ya makundi. Mechi hiyo haikumfikisha yeyote popote, na bado naweza kukuhesabia mabao yake kwa dakika.

Sasa chukua Machi 2021. Kenya walitufunga 2-1 Nairobi, mechi ya kirafiki. Tembea stendi ya Korogwe uwaulize watu kumi kama wanaikumbuka. Wapinzani ni wale wale, jezi ni zile zile. Ile ya pili ilichezwa wakati wa korona, hapakuwa na mtu wa kuishuhudia, na haikuwa na kombe, marudiano wala cha kubeba nyumbani.

Hapo ndipo ninapotaka unielewe. Jirani hajapungua utamu. Kilichopungua ni matayarisho. Mechi inatangazwa Jumatatu ichezwe Jumatano. Kikosi kinatoka usiku wa kuamkia mechi, na nusu ya majina hujawahi kuyasikia. Saa inabadilika. Niliwahi kusafiri na shemeji huyo huyo kwa basi la alfajiri kwenda kuangalia mechi ya kirafiki ya majirani. Yeye alivaa jezi yake ndani ya koti ili asitaniwe njiani. Tulipofika getini mlinzi akatuambia mechi imeshachezwa asubuhi, milango imefungwa, makocha wameelewana wenyewe. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta tukala mihogo ya kukaanga, tukageuza. Shemeji hakuivua ile jezi mpaka tunaachana, lakini koti hakulifungua. Mtu kama huyo ukimwambia kuna kirafiki nyingine mwezi ujao, unatarajia ajibu nini?

Nikupe mfano wa pili, nao ni wa hapa hapa mpakani. Kila mwaka bodaboda wa upande wetu hucheza na bodaboda wa Lunga Lunga. Ni mechi ya kirafiki kabisa, refa ni mwalimu wa shule ya msingi, na zawadi ni mbuzi mmoja anayefungwa kwenye mkorosho nyuma ya goli. Tarehe inajulikana miezi miwili kabla. Kila mmoja anamjua kipa wa wenzake, anajua goti lake bovu ni lipi. Wanawake wanakuja na watoto, wauza miwa wanakuja, na penalti moja ya utata wanaibishania wiki tatu kwenye kijiwe. Mwaka mmoja wale wa ng'ambo walimchukua mbuzi, wakampitisha polepole mbele ya kijiwe chetu akiwa kafungwa kitambaa shingoni. Mwaka uliofuata vijana wetu walifanya mazoezi kuanzia Januari.

Mashindano ya ukanda wetu yalianza hivyo hivyo. Mwaka 1926 zilikuwa timu mbili tu, Kenya na Uganda, na kikombe kilichotolewa na watengeneza sabuni wa Gossage. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar ikafuata, na baadaye ndiyo likaja kuwa Kombe la Challenge. Mwaka 1981, mpaka wetu na Kenya ukiwa bado umefungwa tangu 1977, Kenya walikuja wakatufunga 1-0 kwenye fainali hapa hapa nchini. Nilikuwa mtoto, redio iko juu ya kabati, na baba alikaa mbele yake kama mtu aliyeko msibani. Kombe hilo kwa timu za wakubwa lilichezwa mara ya mwisho Desemba 2019 Kampala, Uganda wakalichukua. Wateja wako wa miaka kumi na sita walikuwa bado watoto wadogo wakati huo. Usiwalaumu kwa kuomba marudio ya ligi ya Uingereza, hiyo ndiyo waliyokuzwa nayo.

Na hao Waingereza wenyewe, wao, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini walikuwa na mashindano yao ya kila mwaka, yakafa 1984. Uingereza na Scotland walipokutana kirafiki Wembley Agosti 2013, baada ya kukaa miaka mingi bila kuonana, waliingia watu zaidi ya 80,000, na Uingereza wakashinda 3-2. Kwa hiyo jina la kirafiki peke yake haliwezi kuua mechi.

Ningekuwa na sauti kwa wakubwa wetu wa soka ningewaomba jambo moja: mechi mbili kila mwaka, nyumbani na ugenini, kombe dogo, tarehe isiyohama. Na zisichezwe Dar na Nairobi tu. Leteni Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, pelekeni Mombasa, Arusha, Kisumu. Mwaka 2027 sisi, Kenya na Uganda tunaandaa AFCON pamoja, na sioni namna bora ya kujiandaa kuliko kuanza kukaribishana.

Kwa kibanda chako: safari nyingine usipunguze kiingilio, tangaza mapema. Andika majina ya kikosi ubaoni kwa chaki, na chini yake andika mara ya mwisho tulipokutana na nani alishinda. Weka kreti moja ya soda kwa atakayepatia matokeo. Kisha niandikie walikuja wangapi.

SWALI: Mzee, hujambo? Hapa Likoni tunabishana kila mara. Wenzangu husema mechi ya kirafiki haina pointi, ni mazoezi ya bure, basi haina haja ya kwenda uwanjani. Mimi nasema huwa inahesabika kwenye viwango vya FIFA. Nani yuko sawa?
Shabiki wa Harambee Stars, Likoni

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Uko sawa wewe, ila wenzako nao wana kipande cha ukweli. Tangu Agosti 2018 FIFA huipa kila mechi uzito wake. Kirafiki ndani ya kalenda ya FIFA, yaani siku zilizotengwa kwa timu za taifa, ina uzito wa 10, nje ya kalenda 5. Mechi ya kufuzu AFCON au Kombe la Dunia ni 25. Sasa timu mbili zenye pointi sawa zikikutana, mshindi anapata nusu ya uzito huo, na aliyeshindwa anapoteza kiasi hicho hicho. Kirafiki ya kwenye kalenda itakupa pointi 5, ya nje ya kalenda 2.5, ya kufuzu 12.5. Ukimfunga aliye juu yako unapata zaidi. Ukimfunga wa chini unapata kidogo.

Kwa hiyo Kenya na Tanzania zikicheza kirafiki nje ya kalenda, zinagombea makombo. Ndiyo maana kocha anaona bora awajaribu vijana.

Lakini waulize hao wenzako swali moja. Agosti 2025 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, watu walisukumana kwenye mageti ya uwanja wa Kasarani, Nairobi, mpaka CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakapunguza idadi ya watazamaji. Walikuwa wanafuata pointi za FIFA? Kenya waliwafunga Morocco 1-0, na hata huku Tanga tulipiga kelele. Tarehe 22 tukatoka siku moja, nyinyi kwa penalti mbele ya Madagascar, sisi 1-0 kwa Morocco. Mngepita, nusu fainali yenu ilikuwa uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar. Shemeji yangu alikuwa ameshaniambia nimtafutie pa kulala. Niliumia kwa ajili yetu, kisha nikaumia tena kwa ajili ya ile safari.

SWALI: Asalaam aleikum mzee wetu. Mimi mzaliwa wa Wete, nafanya kazi Muscat. Zanzibar hatumo FIFA, na CAF walitupa uanachama Machi 2017 wakatuvua Julai mwaka huo huo. Kwetu sisi kila mechi ni kama ya kirafiki. Wenzangu wa Bara hapa wananicheka nikiamka kuifuatilia.
Msomaji, Muscat

JIBU: Wa aleikum salaam mwanangu. Wasikutoe kwenye kiti chako. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, kwenu Pemba, kwa timu za taifa: Zanzibar, Bara, Kenya na Burkina Faso. Fainali Zanzibar wakawafunga Burkina Faso 2-1. Niliiangalia kwenye runinga, na jukwaa lilikuwa limejaa watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akihesabu viwango vya FIFA.

Na mwaka ule ule wa 2017 mliovuliwa uanachama, Desemba, mlikwenda Kenya kwenye Challenge mkatufunga sisi wa Bara 2-1, mkawatoa Uganda nusu fainali, mkawapeleka Wakenya mpaka penalti kwenye fainali kule Machakos baada ya sare ya 2-2. Mimi ni wa Bara na siku ile nilikuwa nyuma yenu. Wakumbushe hao wanaokucheka, kwa upole, ile 2-1.

Nina ombi nami. Mwaka 1995 Zanzibar walilichukua Kombe la Challenge kule Uganda. Hapo Muscat hamkosi wazee wa Unguja na Pemba waliokuwepo nyumbani siku timu iliporudi. Mtafute mmoja, umuulize walipokelewaje, walishukia wapi, nani alikuwa amelibeba kombe. Niandikie kila atakachokumbuka, na nitakitoa hapa chote.