Bon Iver au Fleet Foxes?

Ndugu, umeuliza uchague ipi kati ya For Emma, Forever Ago ya Bon Iver na ile albamu ya kwanza ya Fleet Foxes iliyobeba jina la bendi. Mimi nachukua Bon Iver, ingawa si kwa mbali.

Watu huzitaja pamoja kwa sababu zote zilivuma 2008, lakini kufanana kwake ni kwa juujuu. Justin Vernon, ambaye ndiye mwenye Bon Iver, alijichimbia kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin wakati wa baridi, akarekodi karibu kila kitu mwenyewe. Sauti yake nyembamba ya juu ameipanga tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu mmoja anasikika kama kwaya iliyochoka. Maneno mengi hutayashika, wala si lazima. Sikiliza “Skinny Love” uone gitaa linavyochapwa bila huruma. Nyimbo ni tisa tu, na sijaona wa kuruka.

Fleet Foxes, vijana wa Seattle, wao raha yao ni kuimba pamoja. “White Winter Hymnal” inaanza kwa kupokezana mstari mmoja, sauti zikiongezeka polepole. Hapo hata Bon Iver anashindwa. Ila mwangwi ni mwingi mno, na kuanzia katikati nyimbo zinaanza kufanana. (Jalada lake, mchoro wa 1559 wa mchoraji Bruegel, ni zuri ajabu.)

Kama unapenda kuitikia huku ukisikiliza, anza na Fleet Foxes. Kama unasikiliza usiku peke yako na spika za masikioni, Bon Iver, mfululizo, bila kuchanganya nyimbo.