Sigara inashuka, vepu inapanda: soma hesabu kabla hujanunua

Wavutaji wanapungua, hilo halina ubishi. Marekani mwaka 1965 watu wazima wapatao 42 katika kila 100 walikuwa wakivuta sigara. Kufikia 2022 hawakufika 12. Uingereza walikuwa 20 mwaka 2011, na 2024 hawakufika 11. Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, nayo inakwenda juu: Marekani ilikuwa asilimia 4.5 ya watu wazima mwaka 2019, ikawa 6.5 mwaka 2023. Barazani hesabu hizi mbili huunganishwa upesi: basi nunua vepu, sigara utaiacha.

Taratibu. Ndani ya hiyo 6.5 wamo waliohama sigara moja kwa moja, wamo wanaovuta vyote viwili, na wamo vijana ambao sigara hawajaigusa maishani. Wa kwanza amepata nafuu, kwa kuwa moshi wa tumbaku inayoungua ndio wenye lami na hewa ya kaboni monoksaidi. Wa tatu amejitia kwenye uraibu bure. Wa pili ndiye tunayemuona sana hapa mjini: vepu nyumbani ili nguo zisinuke, sigara maskani na wenzake. Huyo anajihesabu kuwa amepunguza, lakini moyo hauhesabu hivyo. Anayevuta sigara moja kwa siku bado anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayobeba mvutaji wa 20.

Na hesabu zetu zina vijisiri vyake. Utafiti wa Tanzania wa 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 8.7 ya watu wazima: wanaume 14.6, wanawake 3.2. Ukitazama moshi peke yake, wanawake ni 1.3 tu. Iliyobaki ni ugoro na tumbaku ya kutafuna. Kwa hiyo bibi anayetia tumbaku kwenye tambuu yake asijitoe kwenye mazungumzo haya. Nikotini, kile kitu cha kwenye tumbaku kinacholeta uraibu, ni ileile.

Kwa anayetaka kuacha, sisi tunashauri achague siku moja aache kabisa, na kwa anayefunga hakuna siku bora kuliko ya kwanza ya Ramadhani. Tayari unakaa takriban saa 13 bila moshi, na nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo ikifika Magharibi imebaki chembe. Kazi yote huharibika baada ya futari, pale mtu anapovuta tatu mfululizo kufidia mchana, na arosto, yale mateso ya mwili kudai nikotini, inaanza upya kila usiku. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali; hasira, kukosa usingizi na njaa huweza kuendelea wiki mbili hadi nne. Hamu moja moja lakini hupita ndani ya dakika chache. Ondoka penye futari, piga mswaki, nenda tarawehe. Usikae.

Kahawa ipunguze nusu. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini upesi. Ukiacha, vikombe vinne vyako vya kawaida hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hauji, nawe unadhani ni arosto, unarudi kwenye sigara.

Jojo ya nikotini, ya kutuliza hamu ya sigara, ipo ya miligramu 2 na 4. Unayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, chukua ya 4. Usiitafune kama jojo ya kawaida: ukimeza mate yenye nikotini utapata kwikwi na kichefuchefu. Itafune polepole mpaka iwashe, ibane kati ya shavu na fizi, ikipoa itafune tena, kwa nusu saa. Dakika 15 kabla yake usinywe kahawa wala maji ya ndimu; ukali wake huzuia nikotini kupenya. Bila shaka inafunguza, basi ni ya usiku. Plasta ya nikotini ya ngozini, kwa anayezidi sigara 10 kwa siku, huanza na miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 wiki mbili, kisha 7 wiki mbili. Kwa joto letu hubanduka: bandika penye ngozi kavu isiyo na mafuta wala nywele, gandamiza kwa kiganja kwa sekunde 10, kesho hamisha mahali. Kama kuivaa na saumu kunakutia shaka, muulize shekhe wako. Mjamzito au mwenye maradhi ya moyo amuone daktari kwanza.

Ukishikilia vepu, soma pakiti. Asilimia 5 ni miligramu 50 katika kila mililita, na Uingereza hairuhusu kuzidi 20. Sigara ikiisha unajua; vepu haina kipisi, mtu huivuta kutwa nzima bila kipimo. Chupa ya maji yake iweke juu, mbali na watoto, maana ni sumu wakiinywa.

Sigara kwetu huuzwa moja moja, kwa hiyo kutupa paketi hakusaidii kitu. Mwambie mwenye duka la mtaani kwako asikuuzie, hata ukimwambia ni ya mgeni.