Maswali ya wasomaji: Gemu imenifungia nje, nifanyeje?

Mwezi huu nimeweka pembeni maswali ya bando na vioo vya simu, najibu ya akaunti za gemu tu, maana zimekuja nyingi na watu wana uchungu kweli, nyingi zinatoka huku huku kwetu kanda ya ziwa. Nimezifupisha kidogo, maneno ni yenu.

Kaka habari za kazi. Mi ni kijana wa Kirumba, napakia dagaa pale mwaloni. Nina akaunti ya gemu ya risasi nimeilea tangu niko form two, ina skini kibao na leveli iko juu sana. Simu ilidondoka ziwani tukiwa tunashusha mzigo, ikaenda na laini. Nimepata simu nyingine nikapakua gemu, nikibonyeza kuingia kwa ule mtandao wa kijamii niliofungulia naambiwa niweke pasiwedi, siikumbuki, nikisema nimesahau wanatuma namba sita kwenye laini iliyoko chini ya maji. Watu wa gemu kila nikiwaandikia jibu ni lile lile, wasiliana na mtandao husika. Nikaenda kurenyu laini naambiwa vidole sio vyangu, na ni kweli ilisajiliwa na mtoto wa mjomba kipindi kile namba yangu ya NIDA haijatoka, yeye sa hivi yuko Geita machimboni. Hivi hawa watu wa gemu wanataka nini jamani, si wanaona jina ni langu na picha ni yangu?

Mdogo wangu pole sana, na usikubali mtu akuambie acha hiyo ni gemu tu, kitu umekijenga miaka kinauma kikipotea.

Sasa tuanze na hao wanaokujibu kitu kile kile, maana umewakasirikia na nakuelewa, lakini kwa hili wanasema kweli. Ulipofungua kwa kupitia mtandao wa kijamii, gemu yenyewe haikuwahi kuwa na pasiwedi yako, kila ukiingia inauliza ule mtandao huyu ndio yeye, mtandao ukisema ndio, geti linafunguka. Kwahiyo hata ukiwaandikia mara mia wao hawana pasiwedi ya kukubadilishia. Mlango wako uko kwenye mtandao wa kijamii, na funguo ya huo mlango iko kwenye laini, na laini iko kwenye kidole cha mtoto wa mjomba wako. Yaani unayemtafuta yuko Geita, achana na hao wa ughaibuni kwanza.

Mpigie leo, usingoje wikiendi. Aende duka la mtandao wa simu wa ile laini hapo hapo Geita, na namba yake ya NIDA na kidole chake, aseme laini imepotea anataka kuirudisha kwa namba ile ile. Hana haja ya kuja Mwanza na wewe huna haja ya kupanda basi. Laini ikishawaka kwenye simu yake, wewe kaa na simu yako mpya umpigie kwa laini nyingine, bonyeza nimesahau pasiwedi, meseji ikiingia akusomee zile namba sita hapo hapo mkiwa hewani, maana huwa zinaisha muda haraka. Ukiingia tu, kabla hata hujafungua gemu kuangalia skini zako, nenda kwenye mipangilio ubadilishe namba ya simu iwe ya laini iliyosajiliwa kwa kidole chako, weka imeili ambayo pasiwedi yake unaijua, halafu toa ile namba ya zamani. Hiyo laini ni ya mtoto wa mjomba kisheria, leo mnapatana, kesho hujui.

Nasema uwahi kwasababu laini ikikaa muda mrefu haitumiki, kampuni huifunga na ile namba anapewa mtu mwingine kabisa. Ikifika hapo ndugu yako hata akiweka vidole vyote kumi hairudi. Barua inayofuata utaona ninachosema.

Ikishindikana kabisa, basi sasa ndio unaandikia watu wa gemu lakini kwa namna nyingine, unawapelekea ushahidi. Jina na picha havisaidii, jina lako na picha yako mtu yeyote anaweza kuvichukua mtandaoni akavibandika. Wao wanataka vitu ambavyo mwizi hana: namba yako ya mchezaji, mwezi na mwaka uliofungua, aina ya simu uliyokuwa unachezea, jina la kwanza kabla hujabadilisha, na risiti za manunuzi. Kama ulinunua mwenyewe kupitia Google Play risiti iko kwenye imeili yako, namba yake inaanza na GPA, itafute kwa herufi hizo tatu. Kama ulimpa jamaa wa kibandani pesa akakuwekea almasi kwa namba yako ya mchezaji, risiti ni ya kwake, nenda ukamuombe skrinishoti. Andika barua moja yenye vyote, kwa Kiingereza kifupi, halafu tulia usubiri, ukituma barua kumi za malalamiko unawachanganya tu.

Kuhusu ukali wao, sio kwamba wanatuchukia. Desemba 2015 Valve, wenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walisema akaunti kama 77,000 zinaibiwa kila mwezi kwao peke yao, na wezi walikuwa wanachukua vitu vya ndani ya gemu wanaviuza kwa pesa halisi. Blizzard, kampuni nyingine ya gemu, walikuwa wanauza kidude cha kutoa namba za kuingilia gemu yao ya World of Warcraft tangu 2008. Kwahiyo mtu wa huduma kwa wateja anaposoma barua yako anajua kabisa kwamba mwizi naye anaandika barua ya kulia vile vile, simu imezama, laini imepotea, naombeni mnisaidie.

Ila kuna kitu nawalaumu na sitaacha kuwalaumu. Kufanya laini ya simu ndio njia pekee ya kurudi ni kutokuwajali watu kama sisi. Hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2017 iliziweka meseji za simu kwenye kundi la njia za kutumia kwa tahadhari. Huku kwetu mtu anabadilisha laini kufuata bando, simu inazunguka nyumba nzima, laini imesajiliwa na dada. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosa kila kitu wanachouliza. Waruhusu njia mbili tatu na wamuulize mtu tangu siku ya kwanza, sio siku amekwama.

Shikamoo, au kama ni mdogo wangu marahaba. Mimi ni mama wa Buzuruga. Nimenunua laini mpya juzi juzi ya biashara, sasa usiku zinaingia meseji za Kiingereza zina namba sita, kijana wangu anasema ni za gemu. Mimi sichezi gemu yoyote. Jana akapiga mtu anasema mama nisomee hizo namba ni zangu. Nimeogopa nimekata. Ni matapeli?

Shikamoo mama. Umefanya sawa sawa kukata simu na naomba uendelee hivyo hivyo.

Inawezekana kabisa sio tapeli. Ile namba uliyopewa ilikuwa ya mtu mwingine, ikafungwa, ikarudi sokoni ukauziwa wewe, na yeye akaunti yake ya gemu bado inaijua kama namba yake. Yuko mahali anabonyeza nimesahau pasiwedi na meseji zinakuja kwako. Namuonea huruma, ila mama wewe huna namna ya kujua kwenye simu kama ni yeye au ni tapeli, wote wanaongea vizuri, wote wana haraka. Na tapeli naye anaweza kuwa anajaribu kufungua akaunti kwa namba yako wewe, huenda ya pesa na sio ya gemu. Kwahiyo kanuni ni moja, namba iliyokuja kwa meseji haisomwi kwa mtu usiyemjua aliyekupigia, hata akilia.

Mambo mawili ufanye. Bonyeza *106# uangalie hiyo laini imesajiliwa kwa jina lako kweli na hakuna laini nyingine usizozijua kwenye NIDA yako. Halafu mwambie kijana wako asijaribu kuingiza hizo namba mahali popote kwa kutaka kuona kuna nini, ile akaunti ni mali ya mtu. Meseji zitakoma zenyewe huyo bwana akipata njia nyingine au akichoka.

Niko Nansio Ukerewe. Nimeweka ile apu ya kutoa namba za siri badala ya meseji kama mlivyoshauri zamani, ila kila namba nikiingiza naambiwa sio sahihi. Nimefuta nimeweka upya, bado. Simu ni ya mzee wangu, nimeazima. Intaneti ipo. Tatizo nini?

Barua yako ilikuja na skrinishoti, na nimeona kitu juu kabisa kwenye kona ya kioo. Umeandika uliipiga saa mbili usiku na simu inasoma saa mbili kweli, 2:00, wakati ilitakiwa isome 8:00 au 20:00. Mzee ameirekebisha isome saa za Kiswahili, sio?

Tatizo ni hilo. Zile apu hazipokei kitu kutoka kwenye intaneti, hata ukizima data zinaendelea kutoa namba. Siku unaunganisha, gemu na simu zinapeana siri moja, baada ya hapo kila upande unachukua ile siri na saa iliyopo unapiga hesabu, inatoka namba sita, baada ya sekunde 30 inatoka nyingine. Utaratibu huu uliandikwa rasmi 2011 na apu nyingi zinaufuata. Gemu ikipiga hesabu na simu ikipiga hesabu saa zikiwa sawa, namba zinafanana. Wanavumilia kuchelewa kidogo, nusu dakika hivi, lakini simu yako imepishana nao saa sita nzima. Wanaosogeza saa mbele ili gemu iwajazie roho haraka nao wanakwama hapa hapa.

Dawa ya kawaida ni kwenda mipangilio, tarehe na saa, uweke ijirekebishe yenyewe. Ila simu ni ya mzee na mzee anataka saa isome anavyoijua yeye, na simu ni yake, ana haki. Basi kuna njia ya kuwapa wote wawili. Acha saa ijirekebishe yenyewe, zima tu ile sehemu ya eneo la saa kujichagua, halafu chagua eneo la Buenos Aires. Argentina wako nyuma yetu saa sita kamili, kwahiyo huku ikiwa saa mbili asubuhi simu itaandika mbili, na ndani simu inajua muda halisi wa dunia, namba zitakubali. Iwe kwenye mfumo wa saa 12, sio 24. Mwambie mzee tu kwamba tarehe itakuwa inabadilika saa kumi na mbili asubuhi badala ya usiku wa manane, na kengele zake azitege kwa saa inayoonekana.

Na kwa kuwa simu ni ya kuazima, siku hiyo hiyo ukiingia tafuta namba za akiba, zile za kuingilia siku huna simu. Google kwa mfano wanatoa 10, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja. Ziandike kwenye daftari kwa peni, usipige picha ukaiacha kwenye simu ile ile. Mzee akisafiri na simu yake kwenda Musoma utashukuru.

Mi mwanachuo niko Nyegezi. Nimeletewa imeili kuna mtu kaingia akaunti yangu ya gemu akiwa Dar es Salaam, nikabadilisha pasiwedi, kesho yake ikaja tena, Dar. Afu kila nikiingia nachaguzwa picha za taa za barabarani mpaka nachoka. Nimedukuliwa?

Angalia kwenye hiyo imeili saa na aina ya simu. Kama ni simu yako na ni muda ule ule uliokuwa unaingia, huyo mtu wa Dar ni wewe. Intaneti ya simu mara nyingi inatokea nje kupitia mitambo ya kampuni iliyoko Dar, na gemu inakisia mahali ulipo kwa anwani hiyo, haijui Nyegezi. Zile picha nazo chanzo kinafanana, anwani moja ya intaneti mnatumia watu wengi kwa wakati mmoja, mitambo ikiona watu wote hao wanaingia kutoka sehemu moja inashuku ni roboti. Ukitumia VPN, zile apu za kuficha mahali ulipo, inazidi. Jaribu kuingia kwa waifai ya chuo uone kama zitapungua.

Simu ikiwa sio yako au ni saa nane usiku umelala, hapo ndio ubadilishe pasiwedi ya gemu na ya imeili, uanze na imeili, halafu utoe vifaa vyote vilivyounganishwa. Na usibonyeze linki ya kwenye imeili, fungua gemu mwenyewe.

Nilinunua akaunti kwa jamaa wa Igoma, baada ya wiki mbili kaichukua tena na kanibloku. Nitairudishaje?

Hutairudisha kaka, nakuambia ukweli usije ukatoa hela nyingine kwa mtu atakayekuahidi. Imeili ya kwanza ni yake, risiti za kwanza ni zake, akiwaandikia wenye gemu watampa yeye. Na kampuni nyingi zinakataza kuuziana akaunti, kwahiyo ukiwaelezea ulinunua wanaweza kuifunga kabisa. Hela yako ndio ya kudai. Kama una meseji za makubaliano na risiti ya muamala wa simu, nenda nazo kituo cha polisi hapo Igoma ukafungue malalamiko ya utapeli, jina lililosajiliwa kwenye namba uliyoitumia pesa lipo kwenye risiti.