Mpangaji na mkopo wa asilimia 10: kodi ya nyumba iwe na mfuko wake kwanza

Dada mleta mada, pole kwa hali hiyo na hongera kwa kuuliza. Umesema unapanga chumba kimoja Magomeni, Mtwara mjini, una watoto wawili, jioni unauza chapati na supu ya pweza, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Umeuliza kama halmashauri zetu zina fungu la kumwezesha mpangaji wa kipato cha chini ajitegemee, kama ule mpango aliokusimulia binamu yako aliye Marekani. Wengi wamekujibu "nenda kakope asilimia kumi" wakaishia hapo. Mimi niliukopa mkopo huo nikiwa mpangaji, nikaumia. Nikaukopa tena nikiwa bado mpangaji, na mara ya pili ukanisaidia.

Fungu lenye jina la wapangaji halipo. Kilichopo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri, ambayo kisheria tangu 2018 lazima itengwe kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hakuna anayekuuliza kama una nyumba au unapanga. Unaingia kama mwanamke, ukiwa ndani ya kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na mchanganuo wa biashara. Karatasi zinaanzia kwa mtendaji wa mtaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, ndipo zinapanda juu.

Huo mpango wa Marekani ni kweli upo, ulianzishwa mwaka 1990. Ni wa watu wanaoishi kwenye nyumba ambazo serikali inawachangia kodi. Kule kodi yako inafuata kipato, ukipata zaidi unalipa zaidi. Sasa aliyejiunga, kipato chake cha kazi kikipanda na kodi ikapanda, kiasi kinacholingana na hilo ongezeko kinawekwa pembeni kwenye akaunti ya akiba kwa ajili yake. Mkataba kwa kawaida ni wa miaka 5. Akiumaliza na kutimiza masharti, fedha ni yake. Nilipoelezwa utaratibu huo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu ni kitu ambacho kikundi chetu kilikuwa kimekigundua chenyewe kwa njia ya machozi: mpangaji anamalizwa na ile siku ya kodi, hata kama biashara yake inakwenda vizuri.

Naishi mkoa huu huu wa Mtwara. Una halmashauri 9, yangu sitaitaja. Mwaka 2021 tulikuwa wanawake sita, tukapewa shilingi milioni sita. Andiko letu lilisema tutanunua korosho zilizobanguliwa, tutakaanga, tutafungasha na kuwauzia abiria stendi na wenye maduka. Fedha ilipoingia tukafanya kosa ambalo vikundi vingi vinafanya: tukagawana, milioni moja moja, kila mtu akatafute lake. Wiki ileile kodi yangu ilikuwa imeisha. Elfu arobaini kwa mwezi, mara sita, ni laki mbili na arobaini. Mwenye nyumba alikuwa amesikia kwamba "wale akina mama wamepewa hela ya serikali", akaja asubuhi kabla sijapiga mswaki. Nilimlipa. Nikatoa ada ya mtoto, nikalipa deni la duka. Nilipokwenda kununua korosho nilikuwa na laki tano na kitu.

Marejesho hayajui kwamba umeanza na nusu ya mtaji. Mkataba wetu ulitupa miezi mitatu ya kujipanga, halafu kikundi kilitakiwa kupeleka laki tano kila mwezi, yaani kila mmoja wetu elfu themanini na tatu na senti zake. Mwezi wa kwanza nilitoa. Wa pili nilitoa kwa kuukata mtaji. Wa tatu nikaenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, nikachukua laki mbili nirudishe laki mbili na sitini ndani ya mwezi mmoja. Dada, usifike huko. Nilimwona mwenzangu akichukuliwa televisheni na godoro mbele ya watoto wake. Mimi kilichoniokoa ni kaka yangu aliyeuza korosho zake msimu ule, akanilipia deni lote. Nisingekuwa na kaka mwenye mikorosho, leo nisingekuwa naandika hapa.

Tulimaliza mkopo kwa kuchelewa. Tulipokaa kuhesabu, kila mmoja akieleza fedha ilipokwenda, ikaonekana jambo moja. Wawili kati yetu walikuwa wanaishi kwenye nyumba za familia, na hao ndio pekee ambao mtaji wao ulikuwa haujaguswa. Wanne tuliokuwa tunapanga, wote wanne, kodi ilikuwa imekula mtaji. Hatukuwa wavivu kuliko wale wawili, wala hatukuwa na matumizi ya anasa.

Hapo ndipo tulipoanzisha mfuko wa kodi. Sanduku letu ni lile la kawaida la vikoba, lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Ndani tukaweka mfuko wa kitambaa mwekundu na daftari lake, mbali na hisa na mbali na mfuko wa jamii. Kila mpangaji anaweka kwa wiki robo ya kodi yake ya mwezi. Mimi nilikuwa naweka elfu kumi. Kwa wiki 26 inafika laki mbili na sitini, kodi inalipika na elfu ishirini inabaki mfukoni. Elfu kumi kwa wiki ukiwa unauza chapati inawezekana, inauma lakini inawezekana. Laki mbili na arobaini kwa siku moja haiwezekani, labda uibe au ukate mtaji.

Kanuni ya mfuko ule ni kwamba haukopeshwi. Mwaka wa kwanza mwenzetu alifiwa na mama yake huko Nanyumbu, akaomba akopeshwe kwenye kodi asafirishe familia. Tulibishana hadi giza likaingia, wengine wanalia. Mwisho tulimpa kutoka mfuko wa jamii, tukachanga juu yake, na mfuko mwekundu haukufunguliwa. Alitununia miezi miwili. Kodi yake ilipofika akailipa yote, akaja na kilo ya mchele nyumbani kwangu. Tungeufungua siku ile, ungefunguliwa kila wiki.

Na kipato kikiongezeka? Hapa ndipo tunafanana na wale wa Marekani. Mwenye biashara nzuri mwezi huo anaongeza kwenye mfuko, haongezi matumizi. Mimi mwaka wa tatu nilifikisha kodi ya miezi kumi na mbili, nikamwendea mwenye nyumba na fedha mkononi, akakubali kunipunguzia elfu tano kwa mwezi na kunitengenezea choo. Bado napanga. Lakini sipangi nikitetemeka.

Basi tukataka kurudi halmashauri kukopa tena, na mlango ukafungwa. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine havipo. Ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kuanza kwa majaribio kupitia benki. Kwa mkoa wetu ni Halmashauri ya Mji Newala. Kwingine mikopo inaendelea kutolewa na halmashauri zenyewe, lakini uhakiki umekuwa mkali. Wanakuja hadi unapofanyia biashara, wanataka wakuone na sufuria zako. Mimi naunga mkono. Vikundi hewa vilikula fedha ya watu kama wewe.

Tulipata mkopo wa pili, na safari hii hatukugawana hata shilingi. Biashara ni moja, daftari moja, zamu zinajulikana. Nao ulituletea shida nyingine ambayo lazima niiseme, kwa sababu huku Kusini inatuhusu kuliko wenzetu. Halmashauri haiwezi kutenga asilimia 10 ya fedha ambayo haijaikusanya. Na kwa halmashauri zetu za korosho, sehemu kubwa ya mapato ya ndani ni ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa zao la biashara, ambao unaingia minada inapoanza Oktoba na kuendelea. Kwa hiyo fedha inajaa kwao katikati ya msimu, karatasi zinazunguka, na wewe unaikuta akaunti imenona mwezi Machi. Machi korosho imeshapanda bei, na mtaani wateja wameshamaliza fedha za mauzo. Wewe wa chapati na supu ya pweza utaumia kidogo kuliko sisi, lakini utaumia, maana wanunuzi wako ni walewale. Ushauri wangu ni muanze kushughulikia usajili na andiko sasa, bila kusubiri tangazo, na kwenye andiko mueleze wazi miezi yenu ya mauzo mazuri ni ipi, muombe marejesho yaendane nayo. Sisi tuliomba, tukasikilizwa nusu. Nusu hiyo ilitusaidia. Ningependa madiwani wetu walibebe jambo hili, kwa sababu ni la mkoa mzima wa Mtwara na hata ndugu zetu wa Lindi, na halihitaji fedha mpya. Linahitaji kalenda tu.

Jambo lingine la sisi wapangaji ni kujulikana. Mtendaji anatakiwa akutambue kama mkazi wake, na mpangaji anayehama kila miezi sita anaonekana mpita njia. Nenda ukaandikishwe kwenye daftari la wakazi la mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti, hudhuria mikutano ya mtaa hata kama unachoka. Ukihama, hama ndani ya kata ileile kama inawezekana. Kikundi cha jirani yetu kilivunjika kwa sababu watatu walihamishwa na wenye nyumba katikati ya mkopo, na waliobaki wakalipa deni la waliokwenda.

Na kwenye hesabu yako usisahau LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo inakatwa humo kila mwezi, nayo kwa haki ni ya mwenye nyumba. Elfu moja na mia tano ni kidogo, lakini kwa mwaka ni elfu kumi na nane. Kama mita ni yako peke yako, mwambie kwa upole aitoe kwenye kodi yako. Wangu alikubali nilipomwonyesha risiti.

TASAF uliyoiulizia mwishoni ni jambo tofauti. Ni ruzuku kwa kaya maskini sana zinazotambuliwa kupitia mkutano wa mtaa, wala huombi kama mkopo. Kama kaya yako haimo, usiisubiri.

Sasa hivi hujakopa, na hiyo ni nafasi ambayo mimi sikuipata. Tafuta wanawake wanne unaowafahamu, ambao umeshawahi kuwaona wakilipa deni. Pigeni hesabu ya kodi za wote watano, muanze mfuko Jumapili hii hata kwa elfu mbili mbili. Jumatatu nenda ofisi ya kata umuulize afisa maendeleo mambo mawili: fomu ya usajili wa kikundi, na dirisha la maombi linafunguliwa lini. Katiba ya kikundi chetu nitaondoa majina niiweke hapa chini kesho jioni, pamoja na kile kifungu cha mfuko wa kodi. Ukishaongea naye, rudi uniambie amekujibuje.