Nyie wakufunzi wapya wa hesabu, ule mtihani wa kupanga madarasa uacheni kwanza

Jumatatu nimepita mbele ya ubao wa matangazo nikakuta wanafunzi wapya wamesongamana kama abiria wa boti za Mokowe kwenda Lamu wakati wa Maulidi. Kabla sijasoma nilishajua. Orodha tatu za mtihani wa kupanga: Kundi A, Kundi B, Kundi C, hili la mwisho ndilo la waanzao chini kabisa. C ndiyo ndefu kuliko zote, na imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Aliyeibandika ana wiki tatu kazini. Kijana mzuri, shati limepigwa pasi, anawahi darasani. Sikumwambia neno, maana orodha kama ile, kwa kalamu nyekundu vilevile, niliwahi kuibandika mimi. Basi nawaandikia nyote kwa pamoja, nisionekane namsema mtoto wa watu.

1. Alama ya D katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, haikwambii mwanafunzi amekwama wapi. Yuko aliyejua akasahau, yuko ambaye nusu ya silabasi hakuiona, na yuko ambaye kidato cha nne alikuwa akishinda baharini na babake na kurudi shule siku ya mtihani. Wote watatu wameandikiwa D. Ukiwafundisha kitu kimoja kwa namna moja, wawili kati yao umewapotezea muhula.

2. Uliza anasomea nini kabla hujashika chaki. Wa umeme na wa ujenzi wanahitaji aljebra na trigonometria, na hao msiwahurumie, nguzo ya paa haijali kama ulipenda hesabu au hukupenda. Wa upishi na hoteli anahitaji uwiano, asilimia na gharama ya sahani moja. Wa maendeleo ya jamii anahitaji takwimu, ajue wastani ni nini na ni lini unadanganya. Kuwapitisha wote kwenye mlango mmoja wa x mraba ni uvivu wetu sisi, tumeupa jina la msingi. Marekani walilifikia hili kabla yetu: taasisi ya Carnegie ikatengeneza kozi mbili, Statway ya takwimu na Quantway ya hesabu za matumizi, na kituo cha Dana kule Texas kikashika kazi ya kuvishawishi vyuo kwamba njia ya hesabu ifuate kozi ya mwanafunzi.

3. Mtihani wa kupanga. Hapa kaeni vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliutunga kwa usiku mmoja. Nasema niliutunga, lakini ukweli niliunakili kutoka kitabu cha zamani, maswali na majibu yake. Alama 50, mstari wa kupita 25. Chini ya hapo unaanza ngazi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, ndipo uguse hesabu za kozi yako. Nilijiona mtu wa mpangilio kweli.

Alikuwapo mwanafunzi nitakayemwita Bi Zuhura, si jina lake. Mama wa watoto wawili, anasomea uhasibu, anakaa mstari wa mbele na daftari lililofunikwa kwa gazeti. Alipata 21. Nikamweka Kundi C na nikamwambia, kwa sauti ile ya ukarimu ambayo leo nikiikumbuka masikio yananiwaka, "Usijali, Bi Zuhura, tutakujenga kutoka chini."

Akajengwa. Ngazi ya kwanza alipata 84. Ya pili 71. Kati ya ya pili na ya tatu kulikuwa na likizo, ada ilikuwa haijakamilika, mtoto mdogo akashikwa na homa. Muhula ulipofunguliwa hakuja. Wiki ya tatu nikaandika "ameacha" kwenye rejista, nikaenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata tuliambiwa tuondoe makaratasi kabatini, mchwa wameingia. Nikaangukia karatasi yake. Swali la 7: boti linaondoka Mokowe 7:45 asubuhi, safari ni dakika 40, litafika Lamu saa ngapi? Ameandika 2:25. Nimepiga mkasi. Swali la 8: basi linatoka Mombasa 9:30 usiku, linachukua saa 8 na nusu hadi Nairobi. Ameandika 12:00. Mkasi. Swali la 9: mgonjwa anameza dawa kila baada ya saa 6 kuanzia 8:00 asubuhi, dozi ya tatu ni saa ngapi? Ameandika 2:00. Mkasi, na pembeni nimeandika "Soma swali!" na alama ya mshangao.

Mmeshaona. Boti linafika saa mbili na dakika ishirini na tano. Basi linafika saa kumi na mbili alfajiri. Dozi ya tatu ni saa mbili usiku. Majibu yote matatu ni sahihi, ni yale ambayo mama yangu angeyatoa, na ni yale ambayo mimi mwenyewe ningekujibu ungenikuta barazani jioni. Kosa lake ni kwamba hakugeuza saa kwa Kiingereza, na mimi, mtoto wa Lamu niliyezaliwa kwa saa ya Kiswahili, nilisahihisha nikiwa nimekodolea macho jedwali la majibu la mtu mwingine. Maswali matatu, alama mbili mbili. Ongezeni 6 kwenye 21. Ana 27. Hakupaswa kuwa Kundi C hata siku moja.

Nilikaa pale sakafuni na mchwa wangu muda mrefu.

Sasa fanyeni hesabu ambayo sikuifanya. Chukueni wanafunzi 100, wapeni ngazi tatu. Tuseme kila ngazi wanafaulu 70 katika kila 100, si vibaya, na waliofaulu wanarudi muhula unaofuata 80 katika kila 100. Ngazi ya kwanza wamebaki 56. Ya pili, 31. Ya tatu, 17. Hao 17 ndio wanaofika mlangoni mwa hesabu za kozi, na bado hawajaingia. Angalieni vizuri: wengi wa waliopotea walifeli, sawa, lakini wako waliofaulu kila tulichowapa wakapotelea njiani kati ya ngazi na ngazi, kama Bi Zuhura. Mtumbwi ukivuja kwenye maungio, kupaka rangi ubao hakusaidii.

Mwaka 2013 chuo kikuu cha jiji la New York, CUNY, kiliwapanga kwa bahati nasibu wanafunzi waliokuwa waanze na aljebra ya chini. Kundi moja likapewa aljebra hiyohiyo. Jingine likaingizwa moja kwa moja kwenye takwimu za chuo, na kila wiki likapata saa mbili za msaada. Aljebra walifaulu asilimia 39, takwimu asilimia 56. Yaani somo "gumu" likafaulisha zaidi ya lile "rahisi". Tennessee wakaupeleka mpango wa msaada sambamba katika vyuo vyao vyote vya jamii, vile vya miaka miwili, mwaka 2015, na California mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuvitaka vyuo vitazame alama za sekondari badala ya kutegemea mtihani wa siku moja.

Lakini msininukuu nusu. Sambamba maana yake mwanafunzi yuko kwenye hesabu za kozi yake na wewe uko naye pembeni, saa zimeandikwa kwenye ratiba. Mkuu wa idara akikubali kufuta ngazi halafu akakata zile saa za msaada, huo ni ubahili, na wanafunzi wataangamia kilindini badala ya ufukweni. Pigania zile saa kuliko unavyopigania posho.

Bi Zuhura nilimkuta mwaka jana sokoni, ana meza ya viungo na ndimu, na ndiye anayeshika daftari la chama chao cha akina mama. "Mwalimu, shikamoo, hujambo?" Akanirudishia chenji ya noti ya elfu kabla sijamaliza kutaja nilichonunua. Nilitaka kumweleza habari ya 2:25. Nikaishia kuuliza bei ya iliki.

4. Usiseme "hii ni rahisi." Ikimshinda, umemwambia yeye ni nini.

5. Kikokotoo ruhusu. Ila kwanza mwambie akadirie jibu kwa kichwa.

6. Mwanafunzi aliyekuzidi umri mwite Bwana au Bi, na usimwite ubaoni bila kumwonya.

7. Sehemu. Najua mnaziogopa, nami nazisubiri kila mwaka. Muhula uliopita kijana mmoja wa Faza, amekaa chuoni miaka kabla ya kuja kwetu, chuo cha madrasa nasema, alishindwa kabisa kujumlisha nusu na theluthi mbili. Aliandika 3 juu ya 5 na kunitazama. Nikafuta ubao, nikampa swali la mirathi ya Kiislamu: mwanamke amefariki, hana mtoto wala wazazi, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Akajibu kabla sijageuka: mume nusu, dada theluthi mbili, na hapo inaingia auli, mwalimu, mafungu yamezidi mali, basi sita inakuwa saba. Mume ana tatu, dada wana nne. Kama ni shilingi 700,000, mume 300,000 na kila dada 200,000.

Nikamuuliza, hiyo sita umeitoa wapi? Akafikiri. "Si ndiyo inayogawika kwa mbili na kwa tatu?" Ndiyo, bwana. Ndiyo hiyo uliyoikosa dakika tano zilizopita.

Wenzake wa Mpeketoni, ambao hawakupita madrasa, walikuwa wametoa macho, hawajui auli ni mnyama gani. Mmoja akanyoosha mkono akauliza, je, dada mmoja akisema hataki chake? Nusu ya darasa ikageuka mahakama ya kadhi, mmoja anatetea, mwingine anagawa upya ubaoni kwa chaki yangu, na kengele ikalia tukiwa bado kwa huyo dada.