Uchumi chuo kikuu: jibu kwa kijana wa Muheza aliyesoma HGE

Mdogo wangu, umeuliza mawili kwa mpigo. Umemaliza kidato cha sita kwa HGE (historia, jiografia na uchumi), unataka shahada ya uchumi ila hisabati inakutia hofu. Na mzee wako anasema uchumi ni porojo, heri uhasibu. Mimi nilisoma uchumi miaka mitatu, nikarudi Tanga, sasa nafanya kazi kwa wakala wa mizigo bandarini. Nakujibu kwa niliyoyaona, wakuu waliopita vyuo vingine wataongezea.

Nianze na mzee, maana ana hoja. Mhasibu njia yake imechorwa: anamaliza chuo, anakaa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, anapata CPA, cheti cha taaluma, mwajiri anajua anamlipa kwa kazi gani. Mchumi hana kitu cha namna hiyo. Cheti kitasema umesoma uchumi, basi, na anayekusaili atabaki anajiuliza utamfaa wapi. Jibu la hilo inabidi ulitengeneze mwenyewe ukiwa bado chuoni. Mzee alipoteleza ni kwenye neno porojo. Laiti ingekuwa porojo, nusu ya darasa letu isingepata sapu, yaani kurudia mitihani.

Wengi tuliotoka HGE tulikwenda tukidhani tunaendelea na yale ya sekondari: taja faida tano za soko huria, jadili, hitimisha. Wiki chache tu mwalimu kaandika ubaoni habari za mlaji mwenye bajeti fulani na bidhaa mbili, anauliza atanunua kiasi gani cha kila moja ili aridhike kadiri inavyowezekana, na hakuna njia ya kumjibu isipokuwa kalkulasi. Baadaye zikaja metriksi, zikaja takwimu, na mwishoni ekonometria, yaani kupima madai ya uchumi kwa takwimu, ambayo huko kwetu ndiyo iliyoondoka na watu. Hii ndiyo sura halisi ya shahada ya uchumi, na ni vizuri uijue kabla hujajaza fomu.

Hata hivyo hofu yako isivuke kipimo. Hisabati yenyewe si ya mhandisi. Inachotaka ni mkono wa kila siku: maswali machache leo, machache kesho, pamoja na kikundi cha diskasheni kisichogeuka kijiwe. Niliona watu wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) wakidisko, yaani wakiondolewa chuo, kwa kujiamini, na wa HGE wakitoka na GPA nzuri kwa sababu waliogopa mapema.

Kilichonisaidia mimi ni tabia ya kuuvuta kila mlinganyo hadi nyumbani. Wewe wa Muheza una bahati hiyo. Siku mtakapofika kwenye unyumbufu wa ugavi, yaani kiasi kinacholetwa sokoni kinavyobadilika bei ikibadilika, wenzako watachora mstari uliosimama karibu wima na kuukariri. Wewe waza machungwa. Yameiva, hayangoji, malori ya Dar na ya Kenya yakiwa machache siku hiyo, bei ya dalali ndiyo bei, kwa kuwa hakuna mkulima anayeweza kuyarudisha mtini. Na bei ikiruka, hawezi kuongeza pia, maana mche ukiupanda leo utakaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Ugavi haupindi kwenda juu wala kushuka chini, kwa hiyo kila tikisiko la wanunuzi linaishia kwenye bei. Ukishaliona hilo, hata mjadala wa viwanda vya kusindika unaanza kueleweka kwa namna nyingine: juisi inaweza kukaa ikisubiri bei, chungwa haliwezi.

Mfano ulionikaa zaidi ni mkonge. Pita baraza za Ngamiani jioni, barabara yoyote ile, hukumu utakayoisikia ni moja: Azimio la Arusha liliua mkonge, na mkonge ulipokufa Tanga ikalala. Ushahidi upo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, ikiongoza duniani. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa karibu na tani 20,000. Kuna la kubisha hapo?

Lipo. Miaka hiyohiyo nyuzi za plastiki zilikuwa zinalila soko la kamba, na bei ya mkonge duniani ilianza kuporomoka kabla ya kutaifisha. Vitu viwili vimepiga mahali pamoja karibu wakati mmoja, na kuangalia tani peke yake hakutakuambia kipi kilifanya nini. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchakata mkonge, aliniongezea jambo ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote cha darasani: alisema yeye alianza kuona mashamba yasiyopandwa upya hata kabla ya wenye mashamba kuondoka. Mkonge unakaa miaka kumi hivi, unatoa mlingoti, unakufa. Aliyeacha kupanda mwaka 1965 anaonekana kwenye takwimu miaka ya sabini, na lawama inamwangukia aliyekuwa ofisini wakati huo. Sisemi utaifishaji haukuwa na dhambi. Nasema dhambi yake ipimwe.

Kupima ndiko ekonometria inakofundisha. Unatafuta mwingine aliyepigwa na bei ileile lakini hakutaifisha, na huyo yuko hapo ng'ambo ya Horohoro tu: Kenya ililima mkonge nayo, mashamba yakabaki mikononi mwa watu binafsi. Unachukua anguko letu, unatoa anguko lao, na kinachobaki unaweza kuanza kukidai kwamba kimetokana na utaifishaji na uendeshaji wake. Kuanza kukidai, kwa sababu hapohapo mwalimu atakuuliza kama pande mbili zilifanana katika mengine yote: udongo, ujira, umri wa mimea, thamani ya shilingi iliyokuwa inapangwa na serikali. David Card na Alan Krueger walitumia njia ya aina hii kwenye migahawa ya New Jersey na Pennsylvania, kuona kama kupandisha kima cha chini cha mshahara kunapunguza ajira. Walichapisha mwaka 1994, watu wakabishana nao miaka mingi, na Card akapata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Nilipoiunganisha na mkonge, ekonometria iliacha kuwa adhabu.

Mengine nayapitia haraka. Makro, yaani somo la uchumi wa nchi nzima, itakupa zana za kusoma habari za hapa nyumbani. Bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani lina kilomita 1,443, na nyingi kati ya hizo ziko Tanzania, lakini TotalEnergies peke yake inamiliki asilimia 62 ya kampuni na TPDC, shirika letu la mafuta, 15. Kwa hiyo kuna kipimo cha pato kinachohesabu kila linalozalishwa ndani ya mipaka, na kingine kinachoondoa faida inayokwenda kwa wenye hisa wa nje; mtu anayekutajia kimoja tu muulize cha pili. Angalizo dogo: notsi nyingi zinazorithishwa chuoni ni za zamani. Sisi tulifundishwa kwamba Benki Kuu inaongoza uchumi kwa wingi wa fedha. Tangu Januari 2024 inatumia riba yake, na ilianza na asilimia 5.5. Ukipewa notsi za kaka yako, zipime na taarifa za kila mwezi za Benki Kuu. Ziko mtandaoni bure.

Sasa kazi, kwa sababu bumu litakwisha na mkopo wa Bodi ya Mikopo utabaki unakusubiri. Nafasi za serikali za Mchumi Daraja la II zipo, kwenye halmashauri na wizarani, ila waombaji ni wengi mno kuliko nafasi. Usizipangie maisha yote. Nilichokiona sokoni ni kwamba anayeajiriwa haraka ni yule anayeweza kupewa faili la takwimu chafu Ijumaa na akalileta Jumatatu limesafishwa, lina jedwali na kurasa mbili za maelezo yanayosomeka. Nadharia peke yake haikufikishi hapo. Jifunze Excel kwa kina, kisha Stata au R. R haina gharama. Fildi yako, yaani mafunzo kwa vitendo, usiende mahali utakapopiga mihuri na kuchemsha chai. Na nafasi za udadisi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu usizidharau. Mimi nilikuwa karani kwenye sensa ya 2022, nikazunguka na kishikwambi mlango hadi mlango. Ukishamsikia mama mwenye biashara tatu akikuambia hana kazi, hutaziamini tena takwimu za ajira kabla ya kusoma swali lilivyoulizwa. Kazini bandarini, hilo ndilo linaloniokoa kila ninapoletewa ripoti ya gharama.

Kuhusu vyuo, fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) uangalie sifa za kila kozi, kwa maana masharti ya hisabati yanatofautiana na hapo ndipo utakapokwama au kupita. Usitazame jina la chuo tu. Uchumi wa kilimo pale SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, ni kitu kimoja, mipango ya maendeleo Dodoma ni kingine, na uchumi mtupu ni kingine kabisa. Kama unataka nikuchagulie: uchumi pamoja na takwimu nauweka wa kwanza, unatolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), na ukiwa na masharti yake hata mzee atakuwa na machache ya kusema. Uchumi mtupu wa pili. Mipango ya tatu, hasa kama moyo wako uko halmashauri. Uhasibu ujaze kama unaupenda wewe, na wala si vibaya. Mhasibu anayejua takwimu hapa Tanga tunamtafuta hatumpati.

Ukishapata matokeo weka alama zako hapa, hasa ya hisabati, tukuangalizie unakotosha.